Kuzuru Nyumba ya Makumbusho kwa Njia ya Kamera

Hili ni somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yake yamechapishwa hapa ili wanafunzi wayasome tena polepole, baada ya kusikiliza. Wasemaji ni wawili: Mwalimu, na Mzee mmoja mwanafunzi wa darasa la jioni.

MWALIMU: Fungueni madaftari yenu. Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: makumbusho, kamera, moja kwa moja. Leo sikuja peke yangu. Nimefuatana na mzee mmoja aliyeanza kujifunza kusoma baada ya kupata wajukuu. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nimekuja na maswali yangu.

MWALIMU: Vizuri sana, Mzee. Somo bila maswali halikai kichwani. Basi na tuanze. Nyumba ya makumbusho ni nini? Ni nyumba ambamo vitu vya kale na vitu vya maana hutunzwa, ili watu waje wavitazame na kujifunza. Mna ngoma za kale, mifupa ya wanyama waliokwisha toweka, fedha za zamani, picha zilizochorwa kwa rangi, zana za wakulima wa kwanza. Kila kitu huwekwa mahali pake, na kando yake karatasi yenye maelezo.

Lakini nyumba hii haitembei. Imejengwa mjini, na hapo ndipo ilipo. Anayekaa mbali hufikaje? Nauli ni ghali. Mgonjwa aliyelala hospitalini, je? Mama mwenye mtoto mchanga, je? Mtu asiyeweza kupanda ngazi? Mlango uko wazi kwa wote, lakini wengi hawaufikii. Leo tutaona jinsi nyumba za makumbusho zinavyojaribu kuwafikia watu hao kwa picha za moja kwa moja.

MZEE: Nieleze kwanza, Mwalimu. Hiyo "moja kwa moja" maana yake nini? Mbona picha za sinema tumeziona tangu zamani?

MWALIMU: Swali zuri. Kuna picha zilizorekodiwa, na kuna picha za moja kwa moja. Picha iliyorekodiwa ni kama barua. Mwenye kuandika ameandika jana, nawe waisoma leo. Picha ya moja kwa moja ni kama mazungumzo ya simu. Jambo latendeka sasa hivi, nawe waliona sasa hivi, ingawa uko mbali. Na penye njia ya kurudisha maneno, waweza kuuliza ukajibiwa papo hapo. Barua haijibu swali lililokujia ukiwa waisoma. Mtu aliye kwenye simu hujibu.

MZEE: Nimefahamu. Nani alianza jambo hili?

MWALIMU: Walioanza ni wengi, katika nchi nyingi. Lakini nitakupa habari moja ya kweli. Mwaka 1985 mtaalamu wa bahari kutoka Marekani, Robert Ballard, pamoja na wataalamu wa Ufaransa, waliiona chini ya bahari ile meli Titanic iliyozama mwaka 1912. Habari zilipoenea, watoto wa shule walimwandikia Ballard barua maelfu kwa maelfu. Walitaka kufuatana naye safari nyingine. Sasa, nani awezaye kuwapakia maelfu ya watoto katika meli moja?

Ballard akatafuta njia. Mwaka 1989 alikwenda katika Bahari ya Mediterania na mtambo ulioitwa Jason. Mtambo huo haukubeba mtu. Uliteremshwa chini baharini ukiwa umefungwa kwa waya mrefu, na ulikuwa na kamera na taa. Picha zilipanda kwa ule waya mpaka melini. Kutoka melini zilirushwa hadi kwenye setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia angani. Setilaiti za kazi hiyo hukaa juu sana, kiasi cha kilomita 36,000. Kutoka huko picha ziliteremka Amerika ya Kaskazini, katika nyumba za makumbusho kadhaa. Humo watoto walikuwa wamekaa mbele ya vioo vikubwa. Wakaona mabaki ya meli ya Kirumi chini ya bahari, nao wakawauliza maswali wataalamu waliokuwa melini.

Angalieni jambo moja hapo. Mwaka ule watoto walikwenda kwenye nyumba ya makumbusho ili waione bahari. Leo nyumba ya makumbusho yenyewe ndiyo inayokwenda kwa watu. Njia ni ile ile, lakini imegeuzwa.

MZEE: Setilaiti ni kitu cha mataifa tajiri, Mwalimu. Mtu wa kawaida ataipata wapi?

MWALIMU: Ndiyo maana kwanza walitumia majumba ya sinema. Mwaka 2011 nyumba ya National Gallery, mjini London, ilionyesha picha za Leonardo da Vinci, mchoraji mkubwa wa Italia. Watu waliozitaka tiketi walikuwa wengi kuliko nafasi. Basi usiku wa kuamkia siku ya kufungua, picha zilitangazwa moja kwa moja katika majumba ya sinema ya Uingereza. Mtu alikata tiketi katika mji wake, akakaa kitini, akatazama.

Mwaka 2013 British Museum, ya London pia, ikafanya kama hivyo. Ilikuwa na maonyesho ya vitu vya Pompeii na Herculaneum. Hiyo ni miji ya Italia iliyofunikwa na moto na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79. Katika vitu hivyo mlikuwa na mkate uliogeuka mkaa, nao bado una umbo lake la mviringo na alama za kuukata vipande. Mlikuwa pia na kitanda cha mti cha kumbembelezea mtoto, nacho kimegeuka mkaa. Tarehe 18 Juni mwaka ule, watu katika majumba ya sinema ya Uingereza na Ireland waliviona vitu hivyo kwa karibu, na wataalamu wakavieleza. Mtu aliyesimama mbele ya kabati la kioo, watu wakimsukuma huku na huku, pengine hakuuona mkate ule vizuri kama yule aliyekuwa sinema.

MZEE: Lakini yule wa sinema hawezi kuuliza.

MWALIMU: Kweli kabisa. Sinema ni njia ya upande mmoja, kama redio hii. Mimi nasema, ninyi mwasikia. Nikikosea, hamwezi kunisahihisha mpaka mniandikie barua. Ndiyo maana wengine walitafuta njia ya pande mbili.

Twende Australia. Nchi ile ni kubwa mno. Mji wake mkuu ni Canberra, na huko ndiko iliko Makumbusho ya Taifa. Kutoka mji wa Darwin, ulio kaskazini, mpaka Canberra ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa ndege. Mtoto wa shule ya mbali atafikaje? Makumbusho hayo yalishirikiana na shirika la utafiti la serikali, CSIRO, wakatengeneza roboti. Roboti ni mashine inayoweza kufanya kazi au kutembea kwa kuongozwa na kompyuta. Tangu mwaka 2013 roboti hiyo ilianza kuwatembeza wanafunzi wa mbali ndani ya makumbusho.

Ilikuwa hivi. Roboti ilitembea kwa magurudumu, na juu yake kamera inayoona pande zote kwa mara moja. Mwalimu wa makumbusho alitembea kando yake akieleza. Wanafunzi walikuwa darasani kwao, kila mmoja na kompyuta. Mmoja akitaka kutazama kushoto, alitazama kushoto. Mwingine akitaka juu, alitazama juu. Hawakulazimika kutazama mahali pamoja. Wakawa na nafasi ya kuuliza, na yule mwalimu akawajibu.

Mwaka uliofuata, 2014, nyumba ya Tate Britain ya London ilifanya jambo la ajabu kidogo. Kwa siku tano mwezi wa Agosti, usiku, watu wakiwa wamekwisha ondoka na taa zimezimwa, roboti nne zilizungukazunguka katika vyumba vya picha. Kila moja ilikuwa na taa yake na kamera yake. Watu wa nchi mbalimbali walitazama kwa intaneti. Wachache wao, kwa zamu, walipewa kuziongoza kwa kubonyeza vitufe vya kompyuta zao: nenda mbele, geuka, tazama juu.

MZEE: Na ikigonga picha ya thamani?

MWALIMU: Ziliwekewa vifaa vya kutambua kitu kilicho mbele yake, zisikigonge. Lakini hofu yako ni ya haki, Mzee. Na tena kuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni mwanga. Taa kali za kupigia picha hudhuru vitambaa vya kale na rangi za kale. Rangi hupauka, na ikisha pauka hairudi. Kwa hiyo mpiga picha wa makumbusho hawezi kuwasha taa atakavyo. Mtunzaji wa vitu ndiye anayempa ruhusa.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Picha husafirije? Sikilizeni polepole.

Kwanza, kamera hupiga picha nyingi sana, kama 25 au 30 kila nukta moja ya saa, yaani kila sekunde. Zikifuatana upesi namna hiyo, jicho huona kitu kinakwenda.

Pili, mashine huzigeuza picha kuwa tarakimu. Tarakimu hizo ni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo hupunguzwa. Hupunguzwaje? Tuseme nakueleza habari za chumba hiki kila sekunde. Je, nitakuambia kila mara, "ukuta ni mweupe, ukuta ni mweupe"? Hapana. Nitakuambia mara moja, kisha nitakueleza yale yaliyobadilika tu: mtu ameinua mkono, mlango umefunguka. Mashine hufanya vivyo hivyo. Hupeleka mara nyingi mabadiliko tu. Ndiyo maana chungu kilichotulia mezani hupita kwa urahisi, bali watu wengi wanaokwenda huku na huku hulemea njia.

Tatu, tarakimu hukatwa vipande vidogo, kila kimoja cha sekunde chache au pungufu. Vipande hivyo hupita katika nyaya, na hasa katika nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tulikuwa tukitegemea sana setilaiti kwa intaneti. Mwaka 2009 ndipo nyaya za kwanza za namna hiyo, kama ule wa SEACOM, zilipofika kwetu, Mombasa na Dar es Salaam.

Nne, vipande hufika kwenye simu au kompyuta yako. Simu haionyeshi kila kipande mara kinapofika. Huweka akiba kidogo kwanza. Fikirini mtungi wa maji nyumbani. Bomba likikatika kwa muda mfupi, nyumba haikosi maji, kwa sababu mtungi una akiba. Lakini mtungi ukikauka, ndipo picha husimama na duara dogo huzunguka kiooni. Kwa sababu ya akiba hiyo, ile "sasa hivi" si sasa hivi kamili. Huchelewa sekunde chache, pengine nusu dakika.

MZEE: Basi yule wa roboti atafanyaje? Akisema "geuka" na picha ikachelewa nusu dakika, si roboti itakuwa imekwisha ingia ukutani?

MWALIMU: Umegusa penyewe, Mzee. Kwa mazungumzo ya pande mbili, akiba huwa ndogo sana. Hapo njia ikiwa mbaya, mashine haingojei. Heri picha ififie kuliko kuchelewa. Kwa hiyo nyumba ya makumbusho yapaswa kuchagua. Ikitaka watu wengi watazame picha safi, huweka akiba kubwa. Ikitaka watu wachache waulize na kujibiwa, hukubali picha hafifu kidogo.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilienea mno. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango. Mwezi wa Mei mwaka ule UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilieleza kwamba nyumba za makumbusho tisa katika kila kumi duniani zilikuwa zimefungwa, zaidi ya 85,000. Nyingi zikageukia kamera. Lakini UNESCO ilieleza jambo jingine pia. Katika Afrika na katika nchi ndogo za visiwa, ni tano tu katika kila mia zilizoweza kuwapa watu chochote kwa njia ya intaneti. Andikeni tarakimu hiyo: tano katika mia. Kamera ni chombo kizuri, lakini penye umeme wa kukatika na data ya ghali, hakiwafikii wale wale walio mbali zaidi.

MZEE: Mwalimu, hapo sasa nina neno langu. Mimi kwetu ni Lindi. Utotoni tulisimuliwa habari za mifupa mikubwa iliyochimbwa Tendaguru na Wajerumani. Wazee walisema waliibeba watu wa kwetu. Je, kwa kamera hiyo naweza kuiona?

MWALIMU: Wazee walisema kweli. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, wataalamu kutoka Berlin walichimba katika kilima cha Tendaguru. Waliochimba kwa mikono ni mamia ya wenyeji. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mnyama mmoja wa kale wa Tendaguru jina la kukumbuka Boheti huyo. Wapagazi waliichukua mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Huko ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mwaka 1937 kiunzi cha mnyama mmoja kilisimamishwa Berlin, katika Museum für Naturkunde. Urefu wake kwenda juu unapita meta 13. Kingali pale.

MZEE: Basi mtu wa Berlin humwona kwa tiketi ya basi, na mjukuu wa mpagazi hajamwona.

MWALIMU: Ndivyo. Na kamera yaweza kukuonyesha. Wewe ukiwa Lindi na msimamizi yuko Berlin, waweza kuuona mfupa wa paja, ukauliza, ukajibiwa. Hiyo si faida ndogo. Lakini tusichanganye mambo. Kukionyesha kitu ni jambo moja, na kukirudisha ni jambo jingine. Watu wa Tanzania na wa Ujerumani wamejadiliana kwa miaka mingi juu ya mifupa hii. Wako wasemao irudi ilikotoka. Wako wasemao kuitunza ni kazi ya gharama kubwa, heri ibaki na elimu yake igawanywe. Asiwepo mtu wa kusema, "Mmekwisha onyeshwa kwa kamera, basi shauri limekwisha." Kamera haimalizi shauri hilo.

MZEE: Hapo umesema. Mimi nikionyeshwa shamba la baba yangu kwa picha, bado nitauliza nani anavuna.

MWALIMU: Sawasawa. Lakini usikatae kutazama, Mzee. Tazama, kisha uulize. Na yako mambo ambayo watu wa Lindi wangeweza kuyataka. La kwanza, msimamizi aseme Kiswahili, au awepo mfasiri. La pili, saa iwe ya kufaa. Lindi ikiwa saa nne asubuhi, Berlin wakati wa baridi ni saa mbili tu asubuhi. La tatu, majina na kazi ya wachimbaji na wapagazi yatajwe, si majina ya wataalamu peke yao. La nne, na hili ni kubwa, maneno yaende pande zote mbili. Berlin wanajua kupima mfupa. Lakini yale mliyosimuliwa na wazee wenu juu ya njia, mizigo, njaa na ujira, nani atawaambia isipokuwa ninyi?

MZEE: Kumbe hata mimi naweza kuwa mwalimu wao.

MWALIMU: Ndiyo, na ndiyo maana ya njia ya pande mbili. Sasa, kabla hatujaagana, niwape mashauri machache, kama kikundi chenu kitapata nafasi ya kutazama matangazo ya namna hii.

Kwanza, msitazame kila mmoja na simu yake. Saa moja ya picha huweza kula nusu gigabaiti ya data, au zaidi. Changeni, mtumie simu moja, na mkiweza iunganishwe na televisheni ya shule au ya ofisi ya kijiji.

Pili, mkubali picha hafifu kidogo. Picha safi sana hula data mara nyingi zaidi. Lakini sauti isikose, kwa sababu maelezo ndiyo somo.

Tatu, andikeni maswali yenu mapema. Muda wa kuuliza ni mfupi, na mwenye kuanza kufikiri wakati huo hukuta umekwisha.

Nne, hakikisheni anayetangaza ni nyumba ya makumbusho yenyewe. Neno "moja kwa moja" huandikwa hata juu ya picha za zamani. Ulizeni swali dogo. Mkijibiwa kwa jina la kikundi chenu, mjue kweli yuko mtu upande wa pili.

MZEE: Nami nitawaambia wenzangu wa darasa tuandike yale tuliyosimuliwa, kabla hatujasahau. Kusoma tumejifunza, na kuandika pia.

MWALIMU: Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani, Mzee, nami naitoa kwa madarasa yote.

MANENO YA KUJIFUNZA

Makumbusho: mahali pa kutunzia na kuonyeshea vitu vya kale na vya maana.
Moja kwa moja: kuonekana au kusikika wakati ule ule jambo linapotendeka.
Setilaiti: chombo kinachoizunguka dunia angani, hupokea na kurusha habari.
Roboti: mashine inayofanya kazi au kutembea kwa kuongozwa na kompyuta.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo safarini kwa malipo.
Kiunzi: mifupa ya mnyama iliyounganishwa kama ilivyokuwa mwilini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Picha iliyorekodiwa na picha ya moja kwa moja hutofautianaje? Toeni mfano wenu wenyewe, usiwe ule wa barua na simu.
2. Kwa nini picha husimama wakati mwingine? Elezeni kwa mfano wa mtungi.
3. Nani katika kijiji chenu hawezi kusafiri mpaka nyumba ya makumbusho? Kamera ingemfaa vipi?
4. Je, kuona mifupa ya Tendaguru kwa kamera kunatosha? Kila mmoja aseme maoni yake na sababu yake.
5. Andikeni habari moja ya zamani mliyosimuliwa na wazee, ukurasa mmoja. Isomeni darasani wiki ijayo.